Jina la barabara halitoshi: niliyoyaona katika nyumba ya Susan B. Anthony

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yenu ya barua za wasomaji nieleze ziara niliyoifanya mwaka jana katika nyumba moja ya matofali mekundu iliyopo Mtaa wa Madison, namba 17, mjini Rochester, jimbo la New York, Marekani. Ndimo alimoishi Susan B. Anthony, mwanamke aliyetumia zaidi ya nusu karne kudai haki ya wanawake ya kupiga kura, na leo nyumba hiyo ni makumbusho. Nimefundisha historia katika shule za sekondari kwa miaka 34, na jina hilo nililifahamu vitabuni. Lakini yapo mambo ambayo kitabu hakikunifundisha mpaka nilipopanda ngazi za nyumba hiyo kwa miguu yangu mwenyewe. Naandika kwa sababu tangu nirudi, kila nipitapo Barabara ya Bibi Titi Mohamed jijini Dar es Salaam, iliyopewa jina la mwanamke aliyewaongoza wanawake wetu wakati wa kudai uhuru, nasikia deni moyoni, na sidhani kama deni hilo ni langu peke yangu.

Kilichonipeleka Rochester ni mtoto wa marehemu dada yangu, ambaye kwa desturi yetu ni mwanangu na nimemlea tangu akiwa darasa la tatu. Anasoma shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Rochester, na alipopata likizo fupi aliniambia, "Mama mkubwa, kabla hujaniuliza habari za maporomoko ya Niagara, kuna nyumba nataka uione." Nilidhani ananipeleka mahali pa kupiga picha. Tulikaa nusu siku.

Sebule ya mbele si kubwa kuliko sebule za nyumba nyingi za walimu ninazozijua Morogoro. Hapo ndipo Susan alipokamatwa tarehe 18 Novemba 1872. Kosa lake lilikuwa hili: siku ya kwanza ya mwezi huo alikwenda pamoja na dada na ndugu zake wa kike kwenye duka la kinyozi lililokuwa likitumika kuandikisha wapiga kura, akawasomea vijana waliokuwa wakisimamia kazi hiyo Marekebisho ya 14 ya Katiba ya Marekani, yanayosema kwamba kila aliyezaliwa katika nchi hiyo au kupewa uraia wake ni raia, na akawataka wamwandikishe yeye kama raia. Wakamwandikisha. Tarehe 5 Novemba, saa moja asubuhi, akapiga kura ya kumchagua rais. Wanawake waliopiga kura katika kata yake siku hiyo walikuwa 15, na ndugu zake wa kike watatu walikuwa miongoni mwao.

Ofisa wa serikali aliyetumwa kumkamata alifika amevaa vizuri, akababaika, kisha akasema kwamba kamishna angependa kumwona mama huyu ofisini kwake. Susan akamuuliza kama hivyo ndivyo anavyowakamata wanaume. Alipokwisha kutolewa hati ya kukamatwa, akaomba muda wa kubadilisha nguo, akarudi, akanyoosha mikono yote miwili atiwe pingu. Ofisa akakataa kumfunga. Wakapanda gari la abiria la kukokotwa na farasi, na kondakta alipofika kudai nauli, yeye akajibu kwa sauti ambayo abiria wote waliisikia kwamba anasafiri kwa gharama za serikali, na nauli adaiwe huyo bwana anayempeleka jela. Kisa hiki nilikuwa nimekisoma zamani na kukisimulia darasani kama kichekesho cha kuwaamsha wanafunzi mchana wa joto. Nilipokuwa nimesimama pale, kati ya kiti na dirisha, niliona nilivyokuwa nimekosea kukisimulia. Alikuwa na umri wa miaka 52. Mama yake mzazi, mzee na mgonjwa, alikuwa anaishi katika nyumba hiyohiyo. Mtu anayenyoosha mikono atiwe pingu mbele ya mama yake mgonjwa hafanyi mzaha. Anaitaka serikali iseme waziwazi kile inachomtendea, isikifiche ndani ya adabu.

Kesi ilisikilizwa Juni 1873 katika mji wa Canandaigua. Kabla ya hapo alikuwa amezunguka vijiji na miji midogo 29 ya wilaya yake akiwauliza watu kama ni jinai kwa raia wa Marekani kupiga kura, hata upande wa mashtaka ukaona hapatapatikana juri, yaani raia wanaoamua kama mshitakiwa ana hatia, isiyokwisha kumsikia, kesi ikahamishiwa wilaya ya jirani. Akaanza kuzunguka huko nako. Jaji Ward Hunt hakumruhusu atoe ushahidi kwa niaba yake mwenyewe, na mawakili walipomaliza, alitoa karatasi aliyokuja nayo imekwisha kuandikwa, akaisoma, na akaiagiza juri ya wanaume 12 itamke kwamba ana hatia, bila hata kuiacha ikajadiliane. Kesho yake akamhukumu kulipa faini ya dola 100 na gharama za kesi. Susan alisimama akamwambia kwamba hatalipa hata dola moja ya adhabu hiyo isiyo ya haki, na hadi anaingia kaburini hakuilipa. Jaji naye, kwa werevu, hakuamuru afungwe mpaka alipe, maana kumfunga kungempa njia ya kulifikisha shauri lake katika mahakama ya juu.

Kuna sehemu ya habari hii ambayo haisimuliwi mara nyingi, nami naiona ni ya thamani kuliko hotuba. Wale vijana waliowaandikisha wanawake walishitakiwa nao, wakatozwa faini ya dola 25 kila mmoja, na waliokataa kulipa wakatiwa ndani mwaka 1874. Muda wote waliokuwa jela, wanawake waliopiga kura kwa idhini yao waliwapikia na kuwapelekea chakula, mpaka Rais Grant alipowasamehe. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa maana ya jambo hili. Nani asiyejua uzito wa bakuli lililofunikwa kitambaa, linalobebwa kwenda kwa mgonjwa hospitali au kwa ndugu aliyewekwa mahabusu? Nilimwambia mwanangu kwamba hapo ndipo nilipowaelewa hawa wanawake wa Rochester kama watu wa mtaani kwangu.

Nikiwa mwalimu, niliyemtafuta sana ndani ya nyumba ile hakuwa Susan bali mdogo wake, Mary. Susan alikuwa mtu wa safari. Mwaka baada ya mwaka alikuwa kwenye treni, kwenye kumbi za mikutano, kwenye nyumba za wenyeji, na mkoba wake mweusi wa ngozi ya mamba ambao hadi leo umehifadhiwa. Aliyekuwa akibaki ni Mary. Alifundisha, akawa mwalimu mkuu wa shule ya msingi mjini humo, na alipopewa cheo hicho alitaka alipwe mshahara uleule wa mwanamume aliyemtangulia. Aliuguza mama yao, aliendesha nyumba, na kwa mshahara wake Susan alikuwa na mahali pa kurudi. Katika uzee wake, kila alipolipa kodi, aliandika kwamba analipa huku akipinga, kwa sababu anatozwa na serikali asiyoruhusiwa kuichagua. Vitabu vyetu vya shule havikuwahi kumtaja Mary, na sishangai, kwa maana kitabu humfuata anayesafiri. Nyumba ndiyo inayomkumbuka aliyebaki, kwa sababu kila kitasa na kila jiko ndani yake ni kazi ya mikono yake.

Susan mwenyewe alianza maisha yake ya kazi akiwa mwalimu. Mwaka 1853 walimu wa jimbo la New York walikutana Rochester, na ingawa wengi katika ukumbi walikuwa wanawake, hakuna hata mmoja aliyekuwa akisema. Wanaume walikuwa wakijadili kwa nini ualimu hauheshimiwi kama uanasheria, udaktari na uchungaji. Susan akasimama kuomba nafasi. Wanaume wakabishana kwa nusu saa kama ni halali mwanamke kusema, naye muda wote huo alibaki amesimama, akiogopa kwamba akiketi atapoteza nafasi. Aliporuhusiwa, aliwauliza kama hawaoni kwamba maadamu jamii inasema mwanamke hana akili za kuwa mwanasheria, daktari au mchungaji, lakini anazo tele za kuwa mwalimu, basi kila mwanamume anayekubali kufundisha anakiri kwamba hana akili zaidi ya mwanamke. Nimehudhuria mikutano ya walimu isiyo na idadi katika maisha yangu. Natamani ningeijua hoja hiyo nikiwa na miaka 25.

Ghorofa ya juu kabisa ni chumba cha darini kilichoongezwa mwaka 1895 kiwe mahali pa kazi. Walikusanya humo barua, magazeti na kumbukumbu za mikutano kwa ajili ya kuandika historia ya harakati zao. Dari limeinama, na mtu mrefu humbidi aangalie kichwa chake. Hapo juu ndipo mwanangu aliponiambia tuketi kidogo, kwa kuwa kulikuwa na jambo alilotaka nilifikirie nikiwa bado ndani ya nyumba hiyo.

Mwaka huohuo wa 1895 alikuja kukaa katika nyumba hiyo mgeni aliyeitwa Ida B. Wells, mwandishi wa habari, binti aliyezaliwa utumwani katika jimbo la Mississippi, ambaye alikuwa akizunguka Marekani na Uingereza kuufichua uovu wa watu weusi kuuawa na makundi ya wazungu bila kufikishwa mahakamani. Wells mwenyewe aliandika katika kumbukumbu za maisha yake kwamba siku moja Susan alipokuwa akitoka alimwambia karani wake wa hati mkato amsaidie mgeni kuandika barua. Karani akakataa, akasema yeye hawezi kuandikishwa na mwanamke mweusi. Susan alipoyasikia hayo alimwambia achukue kofia yake aondoke, na kazi yake ikaishia hapo.

Mtu angeweza kukomea hapo akaondoka na picha nzuri. Wells hakukomea hapo, na mimi sitakomea. Katika mazungumzo yao Susan alimweleza kwamba alikuwa amemwomba Frederick Douglass, kiongozi wa watu weusi aliyewahi kuwa mtumwa, rafiki yake wa miaka mingi na jirani wake wa zamani mjini Rochester, asihudhurie mkutano wa chama chao cha kudai kura ya wanawake uliofanyika Atlanta, ili wanawake wazungu wa kusini wasije wakakimbia. Na kwamba kwa sababu hiyohiyo alikataa kuwasaidia wanawake weusi waliotaka kuanzisha tawi lao. Akamuuliza mgeni wake kama anaona alikosea. Wells akamjibu bila kupindapinda kwamba alikosea, kwa sababu hata kama alivuna faida kwa ajili ya kura, aliwathibitishia wanawake wazungu kwamba ubaguzi wao ni halali. Fikiria, Mhariri: binti wa watumwa, mwenye umri wa miaka 32, akiwa mgeni katika nyumba ya watu na akila chakula chao, anamwambia mwenye nyumba mwenye miaka 75 kwamba amekosea, na mwenye nyumba anasikiliza.

Ugomvi huo ulikuwa na mizizi mirefu. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, ilipokuwa wazi kwamba wanaume weusi watapewa kura na wanawake wataachwa, Susan alitamka kwamba ni heri akatwe mkono wake wa kulia kuliko kuidai kura ya mtu mweusi bila ya mwanamke. Mwaka 1869, katika mkutano uliowagawa, Douglass aliwajibu kwamba kwa watu wake kura ni suala la kufa na kupona, kwani hakuna mwanamke anayetolewa nyumbani kwake na kunyongwa kwenye nguzo ya taa kwa sababu tu ni mwanamke. Mtu mmoja akauliza kama hayo hayampati pia mwanamke mweusi. Yanampata, akasema Douglass, lakini ni kwa sababu ni mweusi. Jibu hilo limenisumbua tangu siku hiyo ya darini. Naona kila mmoja wao alikuwa na sehemu ya haki, na aliyekosa mtetezi kamili katika chumba kile alikuwa mwanamke aliyefanana na mimi. Hata baada ya Marekebisho ya 19 ya Katiba, yaliyowapa wanawake kura, kuthibitishwa mwaka 1920, miaka 14 baada ya Susan kufariki, wanawake weusi wa majimbo ya kusini waliendelea kuzuiwa kwa mitihani ya hila, kodi na vitisho hadi ilipopitishwa sheria ya haki ya kupiga kura ya mwaka 1965. Marehemu mama yangu alipiga kura Tanganyika kabla ya wengi wao.

Nasema haya kwa kuwa huenda kuna msomaji atakayeuliza inatuhusu nini nyumba ya mwanamke wa Kizungu aliyewahi kutamka maneno kama yale. Jibu langu ni kwamba nyumba ndiyo iliyonipa maneno yale na kisa cha yule karani kwa pamoja, vyote chini ya paa moja, nikalazimika kuvishika kwa mkono mmoja. Sanamu ya shaba iliyopo kwenye bustani ndogo karibu na nyumba hiyo inawaonyesha Susan na Douglass wameketi wakinywa chai, na ni sanamu nzuri. Lakini sanamu haiwezi kukuambia kwamba mmoja wa marafiki hao aliwahi kumwomba mwenzake asije mkutanoni.

Kuhusu chuo anakosoma mwanangu, nitasema machache ingawa ndiyo yaliyonitoa machozi. Kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Rochester kilikuwa cha wanaume tu. Wakuu wake walipokubali kuwapokea wasichana, walitoa sharti kwamba kwanza zichangwe dola 50,000. Septemba mwaka 1900, muda ukiwa umebaki siku moja, Susan aliambiwa kwamba zimepungua dola 8,000. Alikuwa na miaka 80. Alianza na mdogo wake, na Mary akatoa dola 2,000 alizokuwa amepanga kukiachia chuo hicho siku kitakapowapokea wasichana. Kisha Susan akapanda gari la farasi, akazunguka mji mlango kwa mlango, na dola 2,000 za mwisho alizijaza kwa kuweka rehani bima yake ya maisha. Wasichana wakaingia mwezi huohuo. Siku chache baadaye akapata kiharusi. Mwanangu alinisimulia hayo tukiwa tumesimama kwenye ngazi, akiwa na begi lake la vitabu begani, na sikuweza kumjibu kitu.

Jambo la mwisho kuhusu Rochester ni jinsi nyumba yenyewe ilivyonusurika. Susan alifia katika chumba chake cha kulala mwezi Machi 1906, na Mary akamfuata mwaka uliofuata. Nyumba ikapita mikononi mwa watu wengine, na vyombo vingi vikatawanyika. Ilikuwa mwaka 1945, karibu miaka 40 baadaye, ndipo umoja wa vyama vya wanawake wa mji huo ulipoinunua ili iwe kumbukumbu, na kazi ya kutafuta viti, barua na picha ikaanza. Mwaka 2021 moto uliunguza kibaraza cha nyuma, na kibaraza kikajengwa upya. Mwaka mmoja kabla ya moto huo, rais wa Marekani wa wakati huo alitangaza kumsamehe Susan kwa kosa la mwaka 1872. Wasimamizi wa makumbusho wakaukataa msamaha huo kwa niaba yake, wakasema kwamba kuupokea ni kukubali kuwa kesi ile ilikuwa halali. Niliposikia habari hiyo nilielewa kwamba wanaoitunza nyumba wanamjua mwenye nyumba. Mtu aliyekataa kulipa dola 100 asingepokea msamaha wa faini hiyo.

Sasa nirudi nyumbani, Mhariri. Bibi Titi Mohamed aliongoza tawi la wanawake la TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, tangu mwaka 1955. Alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake katika chama, hakuanza na ofisi wala hotuba. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji na alijua kwamba wanawake wa Dar es Salaam walikuwa wamekwisha kujipanga humo kwa arusi, misiba na kusaidiana. Wakapanga mikutano majumbani, wakachangishana, wakawapa wageni wa chama malazi na chakula, wengi wao wakiwa wauza vitumbua na wakaanga samaki ambao hawakuwahi kukalia dawati la shule. Baadaye aliuongoza Umoja wa Wanawake wa Tanzania (UWT), akawa mbunge na naibu waziri, kisha akaangukia upande mwingine: alishitakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, na akaachiwa mwaka 1972. Alifariki Novemba 2000.

Barabara tumempa. Kila siku makondakta wa daladala hulitaja jina lake mara elfu, na waliomo ndani ya gari hulisikia kama jina la kituo. Nimewahi kuwauliza wanafunzi wa kidato cha tatu Bibi Titi alikuwa nani, na mmoja akanijibu kwa kujiamini kabisa kwamba ni njia inayotoka Mnazi Mmoja. Sikumlaumu. Barabara haina jiko wala ngazi, haina kiti ambacho mtu anaweza kuambiwa kwamba hapa ndipo walipoketi usiku ule wakihesabu michango, na haina mahali pa kuelezea ugomvi, kifungo na upweke uliofuata. Tumeihifadhi nyumba ya Magomeni alimoishi Mwalimu Nyerere wakati wa kudai uhuru, na tumefanya vema. Wanafunzi wanaopelekwa pale huona kitanda na redio, na wanarudi wakimzungumza Mwalimu kama mtu aliyekuwa na mke, watoto na bili za kulipa. Nataka waweze kumzungumza Bibi Titi hivyohivyo, na siyo yeye peke yake, bali pia wale kina Mary wetu ambao majina yao yamo katika madaftari ya michango ya miaka ya 1950 tu.

Kwa hiyo naomba wenye dhamana ya makumbusho na mambo ya kale, wakishirikiana na familia, waziandike nyumba za mitaa ya Kariakoo, Ilala na Temeke ambamo wanawake wa TANU walikutana, wakati wangali hai watu wanaoweza kunyoosha kidole na kusema ni mlango upi. Nyingi zimekwisha kuvunjwa na kupandishwa maghorofa, hilo nalijua. Hata hivyo ukuta mmoja wenye kibao, chumba kimoja, au ua mmoja wenye mwembe uleule vinatosha kuanzia. Naomba pia kwamba siku nyumba hizo zitakapofunguliwa, kesi ya uhaini isifichwe kabatini na tofauti za viongozi zisifutwe kwa rangi mpya. Mgeni mzima anaweza kusimuliwa ukweli mzima, na mtoto wa shule vilevile. Na kwa walimu wenzangu ambao bado wamo kazini, nasema pelekeni watoto majumbani kwa bibi zao na madaftari, kabla ya kuwapeleka kwenye mtandao.

Rochester ilichelewa karibu miaka 40, na vyombo vikawa vimetawanyika, na bado wanawake wa mji ule waliviokota kimoja kimoja. Mimi nimeanza na cha kwangu. Niliporudi Morogoro nililifungua sanduku la bati la marehemu mama, ambalo tulikuwa tukiliwekea mablanketi, na chini kabisa nikakuta kadi yake ya UWT, pamoja na karatasi ya daftari yenye majina 11 ya wanawake na mbele ya kila jina kiasi alichotoa, kwa senti. Majina saba nimeshajua ni ya nani na nyumba zao zilikuwa wapi. Mawili nimeambiwa kuna bibi mmoja kule Mji Mpya anayeweza kunisaidia, na nitamwendea Jumamosi hii.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu,
Morogoro.